Karatasi Nyeusi Ukutani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikosea kabla hata sijavua sweta. Mwenye Studio alinipa kitambaa akaniambia nipanguse vioo vya picha zilizoning'inia ukutani, kwa sababu vumbi la Eldoret halimngoji mtu. Nikapangusa maharusi, nikapangusa watoto waliobatizwa, nikapangusa mzee mmoja aliyepakata redio kama mjukuu. Katikati ya ukuta, mahali ambapo mtu angeweka picha ya mzazi wake, palikuwa na fremu nzuri kuliko zote, ya mbao ya mvule. Ndani yake hamkuwa na picha. Mlikuwa na karatasi nyeusi tupu.

Nikaitungua nikampelekea.

"Mzee, hii imeungua. Niitupe?"

Mwenye Studio alikuwa mtu wa Murang'a, mrefu, mwenye koti la kijivu ambalo sikumbuki akilivua. Alikuja Eldoret kufungua duka la sukari na sabuni, akaishia kuwauzia watu nyuso zao wenyewe. Ndivyo alivyopenda kusema.

"Irudishe palepale," akaniambia. "Hiyo ndiyo picha yangu bora."

"Lakini haina kitu."

"Ndiyo. Kitu chenyewe kiko Kisumu."

Nikairudisha, nikijiambia moyoni kwamba huyu mzee amevuta dawa za picha kupita kiasi.

Naandika haya kwa sababu ya vijana fulani wa hapa mjini. Wanapiga picha kwa simu na kwa kamera zisizotumia filamu, lakini wameanza kuzichapisha kwenye karatasi na kutumiana kwa posta, ili kila mmoja aishike kazi ya mwenzake mkononi. Waliposikia kwamba wazee waliwahi kufanya hivyo, wakanifuata nyumbani kwangu, mtaa wa Pioneer, wakitaka niwape sheria zetu. Zote wamezipenda isipokuwa moja. Wanauliza kama ile ya karatasi nyeusi ni ya lazima. Jibu langu ni refu kidogo, kwa hiyo wavumilie.

Niliajiriwa kuwa karani wa mapokezi, kuandika majina ya wateja na kuwaonyesha kioo na kitana. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye mlango wa nyuma, na Mwenye Studio alilijua hilo, maana siku moja aliufungua akasema, "Basi ingia, kabla shingo haijakatika." Ndivyo nilivyoingia chumba cha giza.

Hakikuwa giza kabisa. Kulikuwa na taa nyekundu, ambayo mwanga wake hauidhuru karatasi ya picha. Kazi yenyewe ilikwenda hivi: negativu, yaani kile kipande cha filamu ambacho weupe wake ni weusi na weusi wake ni weupe, huwekwa kwenye mashine ya kukuza, na mashine huimulika juu ya karatasi. Karatasi hubaki nyeupe kana kwamba hakuna kilichotokea, mpaka uilaze kwenye beseni la dawa ya kwanza. Hapo ndipo mtu anapojitokeza. Zinakuja nywele, yanakuja macho, unakuja ukosi wa shati. Dawa ya pili humshikilia asifutike, kisha anaoshwa kwa maji mengi na kuanikwa. Nimefanya kazi hiyo maisha yangu yote na sikuwahi kuchoka kuyaona macho yakija.

Adui yetu alikuwa baridi. Dawa ya kwanza inapenda uvuguvugu, na asubuhi ya Julai hapa Eldoret haina uvuguvugu wa kumgawia mtu. Dawa ikipoa inalala, na ikilala weusi hauwi weusi, unakuwa kijivu kama uji. Wateja wengi hawakuiona tofauti. Mwenye Studio aliiona hata akiwa mlangoni.

"Naliaka, huyu mtu alivaa suti nyeusi ama alijipaka majivu?"

"Suti, Mzee."

"Basi mvalishe suti yake."

Akanifundisha kuchemsha maji nje kwenye jiko la makaa, kuyamimina kwenye karai, na kulikalisha beseni la dawa ndani ya karai hilo, kama mama anayepasha chupa ya mtoto. Kisha tunangoja. Mara nyingine wateja walikuwa wanagonga kaunta huku sisi tumesimama gizani tukingoja dawa iamke, na Mwenye Studio hakuharakishwa na yeyote, hata awe padre.

Alipoona kwamba sasa naujua weusi ulio mweusi, ndipo aliponionyesha bahasha.

Ilikuwa bahasha kubwa ya kaki, imewekwa ubao mwembamba ndani ili isikunjike, na ilizunguka kati ya wapiga picha wanne: yeye mwenyewe Eldoret, Odhiambo wa Kisumu, mmoja wa Nyeri ambaye alitia sahihi ya "Nyeri" tu, na Mwanyumba wa Voi. Walikuwa hawajawahi kuonana, na walikubaliana wasionane, mtu asije akaipenda picha kwa sababu ya soda aliyonunuliwa. Bahasha ikikufikia, unatoa picha yako ya zamani na kutia mpya. Picha za wenzako unazibandika ukutani na kukaa nazo kama unavyokaa na mgeni. Unaziona asubuhi, unaziona ukila, unaziona ukiwa na hasira. Kisha unaandika nyuma yake kwa penseli laini, picha ikiwa imelala juu ya kioo ili maandishi yasiibonyeze. Unaandika mambo mawili tu: jicho lako liliingilia wapi, na lilikaa wapi. Mwenye picha haruhusiwi kueleza chochote. Neno "nzuri" lilipigwa marufuku.

"Mgema akisifiwa," alisema Mwenye Studio, na hakuhitaji kumalizia.

Nilianza kuzitambua picha kwa hali ya hewa zilikotoka. Kisumu dawa ilikuwa inawaka kwa joto, kwa hiyo Odhiambo aliipoza kwa barafu ya wauza samaki, na bahasha ilikuwa ikitufikia inanukia ngege kidogo. Picha za Voi zilikuwa na vidoa vya vumbi ambavyo Mwanyumba alivifunika kimoja kimoja kwa brashi nyembamba, kwa subira ambayo mimi sikuzaliwa nayo. Na zetu, nadhani, walizijua kwa ukijivu wa Julai.

Sasa ile sheria. Karatasi ya picha ilikuwa inauzwa kwenye boksi, ikiwa imefungwa ndani ya karatasi nyeusi nzito ili isipigwe na mwanga. Kila mmoja kwenye mzunguko alikuwa na haki ya kubakiza picha moja ya mwenzake, moja tu maishani. Ukiibakiza, unakata kipande cha ile karatasi nyeusi kwa ukubwa uleule, unaandika jina lako nyuma, unakirudisha badala ya picha. Naye mwenye picha akikipokea, anachukua mkasi na kukata pembe ya negativu yake. Hiyo ni alama ya kiapo. Negativu iliyokatwa pembe haichapishwi tena kwa mteja, kwa harusi, wala kwa nani.

"Si hiyo ni hasara, Mzee?"

"Ni hasara kabisa." Alikuwa akiitazama ile fremu yake. "Lakini kuna mtu Kisumu anaamka na picha yangu kila siku."

Uzee ulipomzidi, alirudi kwao Murang'a akiwa ameikumbatia fremu ya karatasi nyeusi, akanirithisha nafasi yake kwenye bahasha. Studio ikachukuliwa na mtu wa viatu. Mimi nikapata kazi ya mpiga picha katika ofisi ya habari ya wilaya, chini ya Afisa wa Habari, mtu mwema aliyeogopa barua kutoka juu kuliko alivyoogopa radi.

"Naliaka," aliniambia tulipokuwa tukienda kwenye shamba la maonyesho, "mkubwa awe katikati, asifumbe macho, na nyuma yake kuwe na mahindi marefu."

"Na mahindi yakiwa mafupi?"

"Achuchumae."

"Mkubwa achuchumae?"

"Wewe! Wewe ndiye uchuchumae!"

Nikachuchumaa miaka mingi. Kamera ikiwa chini, hindi la kufika kiunoni linagusa mawingu. Picha zile zilipelekwa Nairobi na sikuwahi kusikia kama kuna mtu aliyezitazama. Ndiyo maana bahasha ilikuwa chakula changu. Pale nilijua kwamba kuna watu watatu watakaosimama mbele ya kazi yangu na kuitazama.

Kwa muda mrefu niliwatumia nilichodhani watapenda. Niliwatumia jua linachomoza juu ya mashamba ya Moiben, ng'ombe kwenye ukungu, mawingu, tena mawingu. Odhiambo na Nyeri waliandika walichoandika. Mwanyumba aliandika hivi nyuma ya mawingu yangu: "Jicho liliingilia juu kushoto, likatokea upande wa pili. Hii naweza kuirudisha bila uchungu."

Nilikasirika sana. Niliosha vyombo kwa kelele. Nikamwita majina ambayo Mkristo hamwiti mwenzake. Halafu hasira ilipotulia, nikajiuliza swali lenyewe: je, kuna picha yangu hata moja ambayo mimi mwenyewe ningeumia nikiikosa? Ilikuwapo. Ilikuwa moja, na ilikuwa ukutani kwangu.

Baba yetu alitoka upande wa Webuye kuja kuwa kibarua wa shamba Moiben, na alipofariki mama alibaki hukohuko, akipukuchua mahindi ya watu na baadaye ya kwake. Mama aliogopa baridi kuliko nyoka. Asubuhi moja ya mavuno nilimfuata ghalani na kamera. Alikuwa amekumbatia mahindi hadi kidevuni, shuka limemteleza begani, na mkono mmoja ameunyoosha kuushika mlango. Mimi nilikuwa nimesimama kizingitini, nimeuacha wazi. Akageuka kunitazama.

"Funga mlango, baridi inaingia!"

Pumzi yake ilitoka na maneno hayo, ikasimama mbele ya mdomo wake katika giza la ghala. Hapo ndipo nilipobonyeza.

Kuichapisha kulinipa kazi. Pumzi ni kitu chepesi, haionekani mpaka weusi wa nyuma yake uwe mweusi kwelikweli, na mara ya kwanza dawa ilikuwa baridi, pumzi ikapotea kwenye kijivu. Nikachemsha maji. Nikangoja. Nikaukinga uso wake kwa kiganja ili mwanga wa mashine usimzidie, nikailaza karatasi kwenye beseni, na mama akaja: kwanza shuka, kisha macho, kisha ile pumzi, nyeupe, imesimama kana kwamba neno lenyewe limeganda. Nilicheka peke yangu mle ndani.

Nilipompelekea mama picha hiyo, aliitazama, akanitazama, akasema, "Kwa hivyo haukufunga."

Ndugu yangu Wafula, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma na si mtu wa maneno mengi, aliishika kwa ncha za vidole. "Hii ndiyo mama," akasema. Picha nyingine zote za mama zilikuwa za mtu aliyeambiwa asitikisike.

Basi bahasha ikawa mezani kwangu. Nikatia mawingu, nikayatoa mawingu. Nikaenda jikoni, nikarudi. Mwishoni nikaitungua picha ya mama ukutani, nikaitia ndani, nikaifunga bahasha haraka na kwenda nayo posta kabla moyo haujabadilika.

Bahasha ilipozunguka na kunirudia ofisini, niliifungua nikiwa nimesimama. Mahali pa mama palikuwa na karatasi nyeusi, na nyuma yake jina: Mwanyumba, Voi. Nilipiga kigelegele hata Afisa wa Habari akatoka mbio, akidhani kuna mtu ameteuliwa. Jioni nikakata pembe ya negativu, nikalia. Yote mawili yalikuwa ya kweli, furaha na kilio, na sikuona haja ya kuchagua moja.

Jumamosi nikaenda Moiben kumwambia mama. "Picha yako imebaki Voi. Mzee mmoja huko ameipenda, hairudi tena."

Mama alifikiri. "Huko Voi kuna baridi?"

"Hakuna kabisa."

"Basi nitakaa," akasema, akaendelea kupukuchua.

Miaka ikapita, na mama akatutoka. Ninyi vijana mnajua matanga yetu yalivyo. Kabla hata ya kutafuta hema, watu wanauliza picha, maana inatakiwa ya kuwekwa mbele ya jeneza na ya kuchapishwa kwenye ratiba ya mazishi. Wafula alinijia jioni ileile.

"Leta ile ya ghalani."

"Iko Voi. Nilikwambia."

"Najua iko Voi. Negativu si uko nayo? Chapisha ingine."

"Nimeikata pembe, Wafula. Niliapa."

"Uliapia nani? Watu hujawahi kuwaona? Naliaka, huyu ni mama!"

Nilikuwa nayo, kweli, kwenye mkebe chini ya kitanda, na ningeweza kuichapisha. Ningeweza pia kumwandikia Mwanyumba, na najua angeirudisha bila kuuliza swali. Hiyo ndiyo iliyonizuia. Mama alikuwa amelala kwenye jeneza Moiben akiwa amenyamaza, na palikuwa na mahali pamoja duniani ambapo bado alikuwa anaongea, na mtu akimsikiliza. Sikuweza kupanyamazisha. Nilijaribu kumweleza Wafula, lakini mtu mwenye msiba hasikilizi mambo ya karatasi, na simlaumu.

Tulimzika kwa picha ya kipande, ile ya kitambulisho, iliyokuzwa. Mama alionekana kama mtu aliyeletwa kituoni bila kosa. Wafula hakunisemesha mpaka mvua nyingine zikanyesha, na hata tulipopatana, kila alipokuja kwangu alikaa akiipa mgongo ile karatasi nyeusi niliyoitia fremu sebuleni.

Nilistaafu wakati filamu yenyewe ilikuwa imeshastaafu kabla yangu. Ofisi ikaletewa kamera mpya, chumba cha giza kikawa stoo ya viti vilivyovunjika. Odhiambo wa Kisumu alifariki, Nyeri akanyamaza, na bahasha ikawa inakwenda Voi na kurudi Eldoret, Voi na Eldoret, mpaka safari moja haikurudi. Nilihuzunika, lakini sikuvunjika moyo, na nitawaambia kwa nini. Kazi yetu ilikuwa kumfundisha mtu kutulia mbele ya kitu kimoja. Karatasi inaweza kwisha madukani, dawa zinaweza kwisha, lakini watu wanaotaka kutazamwa kwa utulivu hawajaisha, na ninyi vijana mliponibishia hodi nilijua wa kuwatazama pia hawajaisha. Bahasha yenu ya kwanza nimekaa nayo. Picha ya yule anayepiga wafua nguo wa mtoni, jicho langu liliingilia kwenye povu likakaa kwenye goti. Na kumbukeni kwamba haki yangu ya kubakiza bado ninayo, sijaitumia. Mjihadhari.

Lakini mliniuliza kuhusu karatasi nyeusi, na siku mliyoniuliza sikuwa na jibu. Nililipata baadaye, baada ya simu kutoka Voi.

Aliyepiga alikuwa mtoto wa Mwanyumba. "Baba anauliza kama Bwana Naliaka wa Eldoret bado yuko hai."

"Bwana Naliaka ni mimi," nikasema kwa sauti yangu ya kike, na nikamsikia mzee nyuma yake akicheka mpaka akakohoa. Alisema mzunguko umekwisha, kwa hiyo na sheria ya kutoonana imekwisha. Macho yake yameharibika. Angependa tuonane, maadamu angalau mmoja wetu anaweza kuona.

Wafula aliposikia, akasimama. "Nakusindikiza. Na mimi sirudi bila mama. Akiturudishia kwa mkono wake mwenyewe, hiyo kiapo yako imekwisha, ama vipi?"

Alikuwa sahihi. Alinunua blanketi jipya la kuifungia fremu, akalibeba magotini tangu Eldoret hadi Nairobi, na ndani ya treni hadi Voi, mahali ambapo blanketi ni kichekesho. Moyo wangu ulikuwa umegawanyika. Nilitamani tumrudishe, na nilitamani asirudi.

Tulikuta nyumba imefunguliwa milango yote na madirisha yote, ikitafuta upepo. Mzee Mwanyumba alikuwa ameketi sebuleni, mdogo kuliko maandishi yake, macho yamefunikwa na ukungu. Akaupapasa mkono wangu.

"Naliaka," akasema. "Mwenye mawingu. Mawingu yako yalinichosha mno, dada yangu."

"Uliniambia."

"Nilikwambia kwa upole!"

Tukacheka. Wafula hakucheka. Alingoja salamu ziishe, akasema aliyojia.

"Mzee, mimi ni Wafula, ndugu yake. Yule mama wa ghalani ni mama yetu. Alipokufa tulimzika na picha ya kipande. Nimekuja kumchukua."

Mwanyumba akanigeukia, si sawasawa, kidogo kando ya nilipokuwa.

"Alifariki? Mbona hukuniandikia? Ningemleta mwenyewe."

"Nilijua ungemleta. Ndiyo sababu sikuandika."

Akatikisa kichwa polepole. Nadhani alinielewa, maana mkono wake ulinibana. Kisha akasema, "Ni wenu. Mchukueni kwa amani. Mimi hata simwoni tena." Akaita, "Wakesho! Wapeleke wageni chumba cha ndani, kwa nyanya."

Mjukuu wake alikuja akikimbia kutoka uani, msichana mwenye mapengo mbele, miguu myekundu kwa vumbi. Hakujua sisi ni nani. Tukamfuata. Picha ilikuwa kwenye ukuta usiofikiwa na jua, imewekwa mahali ambapo mtu huweka picha ya mzazi wake. Weusi wake ulikuwa bado mweusi. Pumzi ilikuwa bado imesimama. Nikashika mgongo wa kiti.

Wafula alisimama mbele ya mama na blanketi lake kifuani. Hakuwa ameiona picha hiyo tangu alipokuwa kijana.

"Huyu ni nyanya yetu wa baridi," Wakesho akatuambia, kwa sauti ya mtu aliyezoea kutambulisha wageni. "Hiyo siyo moshi, yeye havuti sigara. Ni pumzi. Kwao kuna baridi mpaka pumzi inaonekana."

"Nani alikwambia?" nikamuuliza.

"Babu. Kila asubuhi tunamwamkia."

Wafula akamwinamia. "Na hapo anafanya nini?"

Mtoto akamtazama kwa mshangao, kana kwamba huyu naye macho yake yameharibika kama ya babu.

"Si anaongea? Amegeuka, ameshika mlango. Anasema, 'Funga mlango, baridi inaingia.'"

Maneno hayo sikuwahi kuyaandika popote, nyuma ya picha wala kwenye bahasha. Sheria haikuruhusu. Wafula aliniangalia, nami nikatikisa kichwa kumwambia kwamba hapana, sikuwahi.

Jasho lilikuwa likimtiririka usoni, na huenda halikuwa jasho peke yake. Nyuma yetu mlango wa uani ulikuwa wazi kabisa, na jua lote la Voi lilikuwa linaingia. Wafula akamkabidhi mtoto lile blanketi, akaenda, akaufunga mlango.